Homu thieta ya mtumba kutoka Luthuli: miezi minane baadaye

Wiki tatu za kwanza, spika mbili za nyuma hazikutoa hata chafya. Nilikuwa nimetoa shilingi 14,500 pale Luthuli Avenue, nikalipia viti viwili kwenye matatu ya Kahawa West, kimoja changu na kingine cha wufa, kisha nikaipandisha ghorofa ya nne kwa mikono yangu. Naweka sinema ya vita, ndege zinapita juu ya vichwa vya watu, na mlio wote uko mbele tu kama redio ya kawaida. Nikampigia muuzaji simu nikiwa tayari kwa ugomvi. Akanisikiliza mpaka nikachoka, halafu akauliza, "Bosi, TV umeiacha kwa PCM?"

Sikujua anazungumza lugha gani. Nitarudi hapo.

Kwanza kwa nini mtumba. Mitambo ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, inatufaa kwa sababu ya umeme: Uingereza wanatumia plagi ileile yetu ya meno matatu ya mraba, na volti zao hazitofautiani sana na 240 zetu. Ukiletewa kitu cha Japani chenye volti 100 ukakichomeka moja kwa moja, utanusa moshi kabla hujasikia muziki. Sababu ya pili ni maandishi ya kwenye makatoni. Duka la kwanza nililoingia nilionyeshwa wufa mpya kabisa yenye taa za disko na maandishi makubwa "PMPO 12,000W". Nikaigeuza nyuma. Kibandiko kidogo karibu na waya wa stima kilisema inakula wati 50. Sasa chombo kinachokula wati 50 kitaendeleaje kutapika 12,000? PMPO ni hesabu ya kufurahisha katoni. Kipimo cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo, na kama hakijaandikwa, soma kile kibandiko cha nyuma. Hakina sababu ya kukudanganya.

Niliyoichukua ni ya Blu-ray, 5.1. Wengi Nairobi tunaita kila kitu wufa, lakini hizo namba zina maana. Tano ni spika: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za pembeni kuelekea nyuma. Ile nukta moja ni wufa yenyewe, na imeitwa nukta kwa kuwa njia yake hubeba besi tu, mwisho hertzi 120, kipande kidogo cha yale yote ambayo sikio linasikia.

Haya, PCM. Mimi dikoda na kila kitu kingine nimechomeka kwenye TV, halafu TV inarudishia mtambo sauti kwa waya mmoja wa HDMI. Njia hiyo inaitwa ARC, ipo tangu HDMI 1.4 ya mwaka 2009, na kwenye TV nyingi ni tundu moja tu lenye maandishi hayo. Mimi nilikuwa nimechomeka tundu la jirani yake, kosa la kwanza. La pili ndilo alilolijua muuzaji. TV ikiwa kwenye PCM, mojawapo ya setingi zake za kutoa sauti, inaifungua sauti yenyewe na kupitisha njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo spika zako tano zinagawana uji wa watu wawili. Ukiiweka kwenye Auto au Dolby Digital, inaupeleka mzigo wote ukiwa umefungwa, na mtambo unaufungua wenyewe na kumpa kila spika chake. Ilinichukua dakika moja na rimoti. Pia washa CEC ili rimoti ya TV iongeze sauti ya mtambo. Ila kila kampuni imeipa jina lake, Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync.

Usiku ule mvua ya kwenye sinema ilinyesha nyuma ya kochi. Mke wangu aligeuka kuangalia dirisha.

Lakini niseme ukweli, spika za nyuma si ndizo zilizonifanya niipende. Ni ile ya katikati. Nilinunua kwa ajili ya besi, kama mtu yeyote ambaye masikio yake yamelelewa na matatu za Rongai, nikakuta kumbe shida ya nyumbani kwetu miaka yote ilikuwa maneno. Spika za TV nyembamba zinaangalia nyuma au chini, zinazungumza na ukuta. Tunaongeza sauti tusikie wanachosema, bomu linalipuka, mtoto anaamka. Kwenye sinema zilizotengenezwa kwa 5.1 mazungumzo karibu yote yamewekwa katikati, na hiyo spika ina kipimo chake kwenye mipangilio. Niliipandisha desibeli 3, nikaitoa ndani ya kabati nilikokuwa nimeificha ili ipendeze, nikaiweka ukingoni mwa meza ikiinuka kidogo kuelekea masikioni. Sasa mama mkwe akija kututembelea anafuata kila neno la tamthilia bila kuuliza "amesemaje?" Hilo peke yake kwangu lina thamani ya ile 14,500.

Mtambo pia unakuuliza umbali wa kila spika. Usiruke hatua hiyo. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni kama milisekunde 3. Kochi langu limegusa ukuta, za nyuma ziko mita moja kutoka kichwani na za mbele ziko tatu. Bila kuuambia mtambo, sauti ya nyuma inakuwahi. Na kwa kuwa nyuma ya kochi hakuna nafasi, nimezitundika ukutani kushoto na kulia, juu kidogo ya masikio. Zinafanya kazi vizuri tu.

Besi ndiyo iliyoniletea kesi. Niliiweka wufa pembeni kabisa mwa chumba, kwenye kona, ikavimba ajabu, nikajisifu. Siku ya pili keateka akabisha hodi: mzee wa ghorofa ya tatu anasema vikombe vinacheza. Kona huongeza besi, na wimbi la hertzi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule yangu mara mbili. Ukuta wa mawe hauzuii kitu cha namna hiyo. Niliisogeza karibu na TV, nikaipunguza, nikaweka kipande cha zulia nzito chini yake, nikashuka kumwomba mzee radhi. Baada ya saa tatu usiku nawasha ile hali ya usiku inayopunguza milipuko na kuinua minong'ono.

Picha? Sina mengi. Kwa kuwa dikoda inaingia kwenye TV moja kwa moja, mtambo huu wa zamani hauigusi picha, kwa hiyo hata ukiwa na TV ya 4K haukurudishi nyuma. Diski ya Blu-ray inatoka 1080p na ni safi sana. Ila iondoe TV kwenye ile hali ya rangi kali ya dukani, iweke Cinema.

Kitu cha kujihadhari: sinema nilizojaziwa kwenye flashi na duka la mtaani nyingi zilikuwa na njia mbili tu za sauti. Hapo spika za nyuma zitanyamaza, labda mtambo wako uwe na setingi ya kusambaza njia mbili kwenye spika zote, na hata hivyo haitakuwa 5.1 halisi.

Kasoro zake. Trei ya diski hugoma wakati wa baridi ya Julai, lazima niigonge kidogo. DVD zetu halali za hapa inazikataa, maana diski hufungwa kwa maeneo ya dunia, na Kenya kwa DVD tuko eneo la 5 wakati mashine ya Uingereza ni eneo la 2; Blu-ray hazina shida, wote tuko eneo B. Na tangu stima ipotee na kurudi kwa kishindo mwezi wa tano, spika ya nyuma kulia inakwaruza nikipandisha sauti. Gadi ya umeme niliinunua wiki iliyofuata. Fundi wa Kirinyaga Road ameitisha 1,500 kubadilisha koni yake. Nimemwambia 800, bado hajanijibu.