Ukaguzi wa hita ya maji kabla ya kuuza nyumba Dodoma: vipimo vizuri, karatasi dhaifu

Nyumba inauzwa Kisasa au Ilazo, hati ipo, risiti za kodi ya ardhi zipo, karatasi ya hita ndiyo haipo. Fomu ya wayaringi aliyosaini mkandarasi nyumba ilipoungwa TANESCO mara nyingi haina neno kuhusu hita, maana hita ilikuja baadaye, pengine kwa mkono wa fundi bomba. Pengo hilo ndilo wakandarasi wa umeme wa mjini wanaloziba kwa huduma ya ukaguzi kabla ya mauzo. Nyota nne kwa vipimo, mbili kwa karatasi.

Mkaguzi wa kweli huanza na bisibisi. Shawa ya umeme (hita ya papo hapo) ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 24. Waya wa soketi wa 2.5 mm² hauuwezi mzigo huo. Inatakiwa laini yake yenyewe, angalau 4 mm² na breka ya ampia 25, au 6 mm² na breka ya 32. Kosa linalojirudia: breka inakatika kila asubuhi, mtu anaweka kubwa zaidi, waya unabaki uleule. Fungua swichi ya shawa uone plastiki iliyogeuka kahawia pale waya unapobanwa.

RCD, swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ndiyo inayochezewa zaidi, na maji yetu yanachangia. Shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, kiasi fulani kinavujia kwenye ethi (waya wa ardhini), na RCD ya 30 mA inakata. Fundi mvivu anairuka RCD, mteja anafurahi, kinga imeondoka. Kubonyeza kitufe chake cha T, cha kujaribia, hakutoshi. Ipimwe kwa mashine kwamba inakata ndani ya milisekunde 300 kwa 30 mA, na ifuatiliwe kama laini ya shawa inapitia humo kweli.

Ethi ya Dodoma ina ujanja wake. Udongo mkavu wa kiangazi hupandisha ukinzani, kwa hiyo wapo wanaomwaga ndoo ya maji ya chumvi kwenye rodi ya ethi iliyochomekwa ardhini dakika chache kabla ya kupima. Namba inapendeza siku hiyo tu. Dai tarehe ya kipimo na hali ya udongo viandikwe.

Kwa hita ya tangi, elementi hupimwa kwa mega (kipima uvujaji wa umeme) ya volti 500, laini na nyutro zikiunganishwa dhidi ya ethi. Chini ya megaomu 1 haipiti, hata kama bado inachemsha vizuri. Kisha inuliwe valvu ya usalama maji yatoke. Bomba lake likizibwa kwa plagi eti linadondosha, hapo kuna hatari kubwa. Sola isiyo ya presha iangaliwe bomba la hewa tu, lisiwe limezibwa.

Karatasi ndiyo inayoangusha. Wengi hutoa nusu ukurasa, “mfumo uko salama”, na muhuri. Hiyo haimsaidii mnunuzi. Iwe na namba ya kiwanja na kitalu, aina na namba ya hita, ukubwa wa waya na breka, kila kipimo kwa namba yake, kasoro zilizobaki, na namba na daraja la leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya aliyepima. Uingereza, boila ya gesi ikifungwa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi, kumbukumbu ya kazi hiyo hubaki, na mwenye nyumba aliyepoteza cheti huomba nakala. Kwetu mkaguzi anathibitisha hali ya leo tu. Akikubali kurudisha tarehe nyuma aonekane ndiye aliyefunga, mwambie afunge mkoba.

Mwite wiki mbili kabla wakili hajaandaa mkataba: waya ukikataliwa ukuta utachimbwa, na plasta mpya lazima ikauke kabla ya rangi. Ripoti iambatanishwe na mkataba pamoja na kasoro zake, pande zote mbili zisaini kila ukurasa.