Mpango wa huduma za jamii wa halmashauri yetu: ukumbi nyota nne, makaburi nyota moja

Nimeusoma wote, mpaka ramani za mwishoni, na kwenye kikao cha maoni nilikuwepo. Naandika review maana hii ni huduma kama huduma nyingine na sisi ndo wateja wake, tena hatuna pengine pa kwenda.

Nianze na ukumbi wa jamii, hapo wamejitahidi kweli. Wameuweka sehemu ambayo mtu anafika kwa mguu, mlangoni kuna njia ya mteremko kwa wa kiti cha magurudumu, vyoo vingine vimefunguka kwa nje kwa hiyo hata ukumbi ukifungwa watoto walioko uwanjani hawahangaiki, na kile chumba cha pembeni asubuhi kitakuwa kliniki ya mama na mtoto, jioni vikundi vinakutana humohumo. Nilichokipenda zaidi wameandika kabisa nani atautunza na hela ya ukarabati itatoka wapi, maana majengo ya umma mangapi tumeona yanazinduliwa kwa mbwembwe afu bati likivuja hakuna wa kuulizwa. Uwanja uko sawa, waongeze taa tu.

Sasa njoo kwenye makaburi. Mpango wa miaka 20, makaburi yamepewa mstari mmoja: eneo litatafutwa. Basi! Na haya ya sasa yamejaa, waliozika karibuni wanajua, vijana wanachimba wanakutana na mifupa ya mtu mwingine, wanafukia, wanasogea pembeni wanaanza upya, na wafiwa wamesimama hapohapo wanaangalia. Hakuna familia inayostahili hicho kitu siku ile.

Na hesabu yenyewe wala sio ngumu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kila kaburi ukilipatia mita za mraba 5 pamoja na njia za kupita unapata makaburi kama 800 hivi, na hapo hujatoa sehemu ya miti, ya magari na ya watu kusimama. Tuseme mnazika watu 200 kwa mwaka, ekari imeisha ndani ya miaka minne. Kwa hiyo miaka 20 ni ekari tano kwa uchache, na idadi ya vifo halmashauri wanayo kwenye rejista yao wenyewe, ni kukaa chini tu na kalkuleta.

Kikaoni tukajibiwa kwamba ardhi itapatikana uhitaji ukifika. Hapana jamani, uhitaji ukifika viwanja vyote vitakuwa vimeshauzwa na kujengwa, itabidi kulipa fidia, na nani akishajenga atakubali makaburi yaletwe dirishani kwake? Ardhi ya kuzikia inatengwa kabla watu hawajahamia, ikiwa bado pori.

Halafu sio kila kipande kinafaa. Kuna tetesi wanalilia lile bonde la chini kwa sababu halina mwenyewe, na pale mvua ikinyesha maji yanasimama. Mwongozo wa Uingereza kwa mfano unataka kaburi liwe angalau mita 250 kutoka kwenye kisima au chemchemi ya maji ya kunywa, mita 30 kutoka mto au chemchemi nyingine, na shimo likichimbwa lisiwe na maji chini. Sababu iko wazi, kinachooza ardhini kinashuka na maji, na visima vyetu vinakunywa hukohuko. Paris walisubiri mpaka mwaka 1780 ukuta wa stoo ya chini ya ardhi ya nyumba iliyopakana na makaburi ya Innocents ukabomoka, maiti zikaingia ndani, ndo wakayafunga.

Wenye ardhi ndogo wameshaamua mapema. Singapore tangu 1998 kaburi ni la miaka 15, baada ya hapo mabaki yanatolewa na kuzikwa upya kwa kubana au kuchomwa, kulingana na dini ya marehemu. Ujerumani kaburi linakodishwa, mara nyingi miaka 20 hadi 30. Sisemi na sisi tufanye hivyo, kuna watu hapa hata kulisikia hawataki na nawaelewa kabisa, ila basi tukae tuongee sasa hivi pamoja na viongozi wa dini, tusije tukaamuliwa na uhaba.

Kitu kimoja niwasifu, dada wa rejista ya mazishi anafanya kazi nzuri sana, ana lugha ya upole na kibali hakichukui muda. Lakini hana hata ramani ya makaburi yenye namba! Anategemea kumbukumbu za wachimbaji, na ndo maana mifupa inafukuliwa.

Fomu za maoni bado zipo pale mapokezi. Ukifika kipengele cha makaburi usiandike "waboreshe", andika ekari ngapi, andika wapime udongo na kina cha maji kabla ya kuchagua eneo, andika ramani yenye namba. Maoni yasiyo na kipimo wanayapita tu.