Wahariri wawili wa 1952: Forsythe au Bogart?

Filamu hizi mbili, The Captive City na Deadline – U.S.A., zilitoka 1952, na kila moja ina mhariri wa gazeti anayeandamwa na majambazi. Ila The Captive City ya Robert Wise ndiyo iliyoninyima usingizi. Mhariri wake, anayeigizwa na John Forsythe, anakimbia na mkewe, anaingia kituo cha polisi cha mji mwingine, anaomba kinasa sauti na kuanza kusimulia. Mji wao ni mdogo, watu wanajuana. Kamari haramu inachezwa, polisi wamefumba macho.

Deadline – U.S.A. ya Richard Brooks iko jiji kubwa, na warithi wa gazeti wanataka kuliuza. Humphrey Bogart, ndiye mhariri hapa, anamsikilizisha jambazi kwenye simu mngurumo wa mitambo ya kuchapa. Tamu hiyo! Lakini hofu? Kwa Forsythe.