Bulanjeri ya Katindo na ukuta wake mweusi

Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kununua mkate katika duka dogo la mtaa wa Katindo, hapa Goma, ambalo halina kibao mlangoni na ambalo majirani huliita tu bulanjeri ya mama, yaani duka la mikate la mama. Mkate wake ni mzuri, lakini maduka yenye mkate mzuri si machache mjini. Kilichonisukuma kuandika ni namna mikate hiyo inavyopangwa mbele ya mteja, kwa uzuri ambao sijauona hata katika maduka yenye makabati ya vioo yaliyoagizwa kutoka nje, na kwa fedha kidogo sana.

Mtu akiingia, macho hukimbilia ukuta wa nyuma. Umejengwa kwa mawe ya volkano, kama zilivyo kuta nyingi za Goma, lakini mwenye duka hakuupiga lipu wala kuupaka chokaa. Aliusugua kwa brashi ngumu, akauosha, kisha akaupaka vanishi mara mbili, kwa kuwa jiwe hilo lina vitundu vingi vinavyohifadhi vumbi na huendelea kumwaga chembe ndogo usipoliziba. Mbele ya weusi huo, ganda la mkate lenye rangi ya hudhurungi hung'aa kana kwamba limetoka tanurini dakika hiyo hiyo. Niliwahi kununua mikate ya ukubwa huo huo katika duka lenye vigae vyeupe, nikajiuliza kwa nini ilionekana kama haijaiva vizuri, ilhali nyumbani tulipoikata ilikuwa imeiva sawasawa. Weupe wa ukuta ndio uliokuwa unaififisha.

Rafu zenyewe ni kreti za bia zilizogeuzwa juu chini na kupangwa kwa ngazi tatu, juu yake mbao za mikaratusi ambazo seremala alizipiga randa. Ngazi ya nyuma imeinuliwa kidogo kwa vipande vya mti ili masinia yainamie kwa mteja, na hivyo hata mkate wa safu ya mwisho unaonekana wote. Mikate mirefu husimama wima ndani ya kapu refu pembeni, mikate ya duara hukaa mbele, na mandazi hujaa katika bakuli pana karibu na mahali pa kulipia, ambapo mkono wa mtoto hauyakosi. Juu ya mbao ametandika kitambaa cha amerikani kisicho na maua. Wengi wangechagua kitenge, nami nakipenda kitenge, lakini maua na rangi zake hushindana na mkate, na mkate hushindwa. Anavyo vitambaa viwili. Kimoja kikiwa mezani, kingine kiko kwenye kamba kinakauka.

Jambo lililonivutia zaidi ya yote ni jinsi alivyopambana na vumbi. Anayeishi Goma anajua kwamba wakati wa kiangazi vumbi jeusi la barabara zetu, likirushwa na pikipiki na magari, hupenya kila mahali, na mkate ulioachwa wazi kando ya njia huwa umeshalibeba kabla ya saa 3 asubuhi. Kabati jipya la vioo lilikuwa nje ya uwezo wake, na tangu benki za mjini zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, mkopo wa kulinunulia si jambo ambalo mfanyabiashara mdogo angeweza kulitegemea. Alimwendea fundi anayebadilisha vioo vya madirisha, akanunua vipande vilivyobaki, akamwomba seremala yule yule ampigie fremu nyepesi inayofunika mbele, pembeni na juu. Nyuma aliacha wazi kwa ajili ya mhudumu, na juu akaacha nafasi ya upana wa kidole. Nafasi hiyo ndogo ina maana kubwa: mkate wa moto ukifungiwa kabisa hutoa mvuke, kioo kinalowa, ganda linalainika, na baada ya saa moja mteja anaona kioo chenye mvuke badala ya mkate. Aliniambia kwamba mbao, vioo, vanishi na ufundi vyote pamoja vilimgharimu dola 58.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Ana balbu mbili za mwanga wa manjano, na umeme ukikatika huwasha taa ya sola yenye rangi hiyo hiyo. Mwanga mweupe unaoelekea bluu huufanya mkate uonekane wa kijivu. Tofauti ya bei kati ya balbu ya manjano na ile nyeupe ni ndogo mno.

Hajazi rafu, na hapo ndipo ninapomsifu kwa moyo wote. Huweka mikate minane au kumi ya kila aina, kisha huongeza inapopungua, nayo mingine husubiri nyuma chini ya kitambaa. Mbele ya kila sinia kuna kipande cha katoni chenye bei kwa faranga na saa ambayo mkate ulitoka tanurini, kimeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Mkate wa jana una kapu lake, bei yake imeshushwa, na kibandiko kinasema waziwazi kwamba ni wa jana. Sijawahi kuuona umechanganywa na wa leo. Wala hauweki katika friji, na anafanya vema, maana baridi ya friji huukausha na kuugumisha mkate upesi kuliko hewa ya kawaida.

Kasoro niliyoiona ni ya keki za krimu. Alikuwa akizipanga dirishani, upande unaopigwa na jua la mchana, kwa sababu ndizo zinazowavuta wapita njia. Krimu haipaswi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na juani hata muda huo ni mrefu. Nilimwambia, "Mama, keki hizi ziko juani tangu saa 8." Akanijibu kwa upole, "Ni kweli, mwanangu, lakini nikizificha hakuna anayeziuliza." Nilimshauri aweke dirishani keki kavu isiyo na krimu, na kando yake katoni inayowaambia watu kwamba za krimu zipo kwenye baridi. Wiki iliyofuata nilikuta amefanya hivyo. Hata hivyo Jumapili, watu wanapotoka ibadani kwa wingi, krimu hurudi dirishani, na siku hiyo mimi sizinunui.

Siku za Jumamosi huongeza jibini ya Masisi, eneo la milimani karibu na Goma, duara zima likiwa limekatwa nusu na upande wa njano ukimwelekea mteja, na kando yake kisu na mkate uliochanwa. Sijaona mtu anayenunua mkate peke yake siku hiyo. Anayetaka mikate mirefu afike kabla ya saa 1 asubuhi, na abebe noti ndogo, kwa sababu chenji ni shida.