Uzoefu wangu: kava la gemu yangu kutoka kwa mchora majina ya mitumbwi, Kibirizi

Nimetengeneza gemu ndogo ya uvuvi wa dagaa, peke yangu, jioni baada ya kazi, kwa karibu miaka miwili hapa Kigoma. Mchezaji ana mtumbwi, taa na wavu, na anatakiwa kujaza mtumbwi kabla mwezi haujachomoza. Kitu nilichokifikiria mwisho kabisa ni kava, ile picha anayoiona mtu dukani kabla hajajua lolote kuhusu kazi yako. Nimelilipia mara mbili. Mara ya kwanza nililipa kwa dola mtandaoni, mara ya pili nililipa shilingi 50,000 mkononi, pale mwaloni Kibirizi, ufukweni boti zinapotia nanga. Huduma ninayoipendekeza ni hii ya pili, lakini ile ya kwanza lazima niieleze ili nieleweke.

Mchoraji wa kwanza nilimpata kwenye tovuti moja ya mafundi wa kujitegemea. Nikamwandikia: usiku, ziwa, wavuvi, taa. Baada ya siku tano akaleta picha nzuri, hilo simnyimi. Milima, mawingu, mwezi mpevu, wavuvi wanne, nyavu, samaki wanaruka, na chini yake jina refu nililokuwa nalo wakati ule, Usiku wa Wavuvi wa Tanganyika, kwa herufi za mikunjomikunjo. Nilifurahi mno, nikaiweka kwenye kompyuta yangu nikawa naitazama kila nikiwasha.

Mjomba wangu, ambaye amevua tangu ujana wake, ndiye aliyenizindua. "Hili jahazi la Unguja limefikaje huku?" Nikatazama upya: kweli, chombo kilikuwa na tanga la pembetatu kama vya Bahari ya Hindi. Halafu ule mwezi! Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, nguvu ya taa inapungua, na wavuvi hupumzika. Mtu yeyote wa Ujiji au Katonga angejua kwa kutupa jicho moja kwamba aliyechora hajawahi kuliona ziwa letu usiku. Pembeni alikuwa amebandika pia utepe wa nyota tano, wakati gemu haijachezwa na mtu. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta mtandaoni, hawaruhusu hivyo tangu Septemba 2022: kwenye kava wanataka mchoro wa gemu na jina lake tu, na jina dogo kama lipo. Nyota, tuzo, sifa za magazeti na matangazo ya punguzo, vyote marufuku. Niliomba marekebisho, nikaambiwa nilipe upya. Nikaachana naye.

Lakini hata kama angechora mtumbwi sahihi na giza sahihi, kava lile lingekufa tu, kwa sababu ya ukubwa. Mimi nililipenda likiwa limejaa skrini nzima, na hakuna mteja atakayeliona hivyo. itch.io, duka jingine la mtandaoni nilikoiweka gemu yangu, wanashauri pikseli 630 kwa 500, na dukani kwao linaonekana dogo kati ya makava mengine chungu nzima. Steam, ambao picha hizi wanaziita kapsuli, wanataka kapsuli ndogo ya 462 kwa 174, kisha mfumo wao wenyewe unaipunguza hadi 184 kwa 69, na hata 120 kwa 45. Pikseli 120 kwenye skrini yangu ni upana wa vidole viwili. Nilipoipunguza picha yangu hadi hapo, wavuvi wanne wakawa vumbi na jina likawa uzi mweupe. Zaidi ya hapo, kurasa za Steam ni za bluu iliyoiva, karibu nyeusi, na picha yangu ilikuwa ya bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Ikazama.

Siku moja nilikwenda Kibirizi kumpokea shangazi aliyekuwa anakuja na boti kutoka Mwamgongo. Boti ikachelewa. Karibu na maji palikuwa na mzee anaandika jina ubavuni mwa mtumbwi ulioinuliwa kwenye magogo. Alichora herufi moja kwa chaki, akaweka chaki mfukoni, akapanda ufukwe hatua kama thelathini, akageuka, akafinya macho. Akarudi, akaifuta, akaichora pana zaidi. Akapanda tena. Nilimwangalia akifanya hivyo mara nne kwa herufi moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini anajichosha kwenda mbali vile. Akasema, "Anayesubiri mzigo wake hasimami hapa niliposimama mimi. Yuko kule juu, na jua linampiga usoni."

Nikatoa simu, nikamwonyesha kava langu likiwa dogo kama litakavyokuwa dukani. Aliishika kwa mkono ulionyooka, akakaa kimya kidogo. "Hapa umeandika nini?" Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Maji bluu, mbingu bluu, chombo bluu. Nani atakiona? Na jina refu hivi halikai kwenye mtumbwi. Tafuta neno moja."

Neno lilikuja papo hapo: Karabai. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za betri na za sola, lakini baba alivua kwa karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, na ule mvumo wake ndio sauti ya kwanza unayoisikia ukifungua gemu yangu. Kwa hiyo kabla hata ya kupaka rangi, mzee yule alikuwa ameshanipa jina.

Sasa kazi yenyewe. Duka kama Steam linataka kava la umbo zaidi ya moja: la kulala la 920 kwa 430, la wima la maktaba la 600 kwa 900, na mengine. Ukichora picha moja na kuikatakata, kuna umbo litakalokata kichwa cha mtu. Basi nilimwomba apake vitu vitatu kwenye mbao tatu za plaiwudi: jina peke yake, mtumbwi na mvuvi mmoja peke yake, taa na mwanga wake peke yake. Nilizipiga picha asubuhi kivulini, maana rangi ya mafuta inang'aa juani, nikaziingiza kwenye Krita, programu ya bure ya kuchorea, kila kitu kwenye tabaka lake. Hapo naweza kuzipanga ninavyotaka.

Herufi zake ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Njano, na ukingo mnene mweusi. Mwanya kati ya herufi na herufi aliuacha mpana kuliko ambavyo ningethubutu, akasema njano huvimba ukiwa mbali, ukizibana zinaungana. Mguu wa K aliuvuta chini kidogo ili jicho lianzie pale. Na kwenye ubao wa taa nilitarajia giza lenye nukta ya mwanga, yeye akafanya kinyume: duara la njano iliyofifia kwenda kijani cha maji, limechukua zaidi ya nusu ya ubao, giza limebaki kwenye pembe. Kwenye ukurasa wa bluu wa Steam duara lile linaonekana hata kwenye 120 kwa 45, na jina linasomeka.

Kasoro zipo. Ilichukua siku tisa, maana ni msimu wa mvua na rangi haikauki. Ukitaka mabadiliko, ni ubao mpya. Kamera ya simu yangu iliifanya njano kuwa nyeupe, ikabidi nirekebishe rangi huku ubao umesimama kando ya kompyuta. Mkono wa mvuvi haukutoka vizuri, niliuchora upya mwenyewe. Na usimwendee siku za mbalamwezi: mitumbwi yote iko ufukweni na kila mwenye chombo anamtaka. Jambo moja nasisitiza kwa atakayefanya kama mimi: andikianeni. Sisi tuliandika kwenye karatasi ya daftari kwamba picha ni zangu kuzitumia kibiashara na jina lake litaonekana mwishoni mwa gemu, tukatia saini wote wawili.

Kwenye itch.io nilibadilisha kava na jina tu, gemu sikuigusa. Kabla ya hapo siku nzima ilikuwa inapita bila mgeni. Wiki ile ile nikapata maoni ya kwanza, na mmoja aliuliza karabai ni nini. Nilimjibu kwa aya tatu.

Ada ya Steam ni dola 100 kwa gemu, na hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Bado naidunduliza. Kwa kava la wima, mtumbwi uliochorwa ubavu unabanwa sana, kwa hiyo unahitajika ubao wa nne, mtumbwi ukija mbele yako na taa juu yake. Plaiwudi nimeshakata, nasubiri mbalamwezi iishe nimpelekee.