Champagne Reef, Dominika: mapovu yaliyonitia hofu hayakuwa ya volkano

Miezi imepita na hasira bado ninayo. Anayetaka bei na ratiba za boti atafute kwingine. Mimi nimekuja kusema habari ya mapovu, na ya duka la uzamiaji lililonipeleka kuyaona.

Kwa wasiopajua, Dominika (si Jamhuri ya Dominika, watu huchanganya sana) ni kisiwa cha volkano katikati ya Guadeloupe na Martinique. Kusini kidogo ya mji mkuu, Roseau, kuna matumbawe yanaitwa Champagne. Gesi ya volkano inapenya sakafu ya bahari na kupanda juu kwa vipovu visivyohesabika. Ukisogeza mkono karibu na mawe unahisi uvuguvugu, na mawe yenyewe yamegeuka rangi ya chungwa kwa madini ya chuma. Nilijifunzia kuzamia Nungwi, Mnemba naijua, lakini kitu cha namna ile sijapata kukiona. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nina chuki na kisiwa.

Sasa basi. Tukiwa bado ndani ya boti nikasikia mtungi wangu wa hewa unalia ssss, pale pale inapofungwa rigyuleta, kile kifaa cha kupumulia. Kila aliyezamia anajua hiyo ni nini: oringi imechoka. Unafunga hewa, unaitoa, unaweka nyingine, dakika mbili kazi imekwisha. Ni kijipete cha mpira cha senti chache! Nikamwita mwongozaji. Akainama, akaangalia, akaniambia, "Dada, hapa kila kitu kinatoa mapovu, ndiyo maana pakaitwa Champagne." Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akaupiga mtungi wangu makofi mawili kama anayeswaga mbuzi, akaniashiria niruke.

Mtungi wa kawaida huanza na shinikizo la hewa la bar 200 hivi. Tulipofika kama mita 15 nikatazama geji ya hewa: imeshuka chini ya 100, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza. Kwa kina kile kila pumzi inakula hewa mara mbili na nusu ya pumzi ya juu ya maji, na huku nyuma ya kisogo changu hewa inaendelea kukimbia. Nikamfuata mwongozaji, nikamwekea geji mbele ya macho. Akanionyesha vidole, "sawa", akageuka kwenda kumwonyesha mteja mwingine farasi-bahari. Farasi-bahari!

Aliyenihurumia ni mama mmoja mtu mzima kutoka Martinique, hatujuani kwa jina wala kwa lugha. Aliiona geji yangu, akanishika mkono, akanipa rigyuleta yake ya akiba. Tukapanda polepole, tukasimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kama inavyotakiwa, mkono hakuuachia hata mara moja. Mungu amjaze kheri.

Na yule bwana aliporudi botini? Hakuugusa mtungi. Hakuuliza. Alisema, mbele ya watu wote, "Unapumua sana wewe. Wanaoanza ndivyo walivyo." Hapo ndipo damu ilinichemka. Uzembe ningeweza kuumeza, lakini kunitia aibu kwa kosa lake mwenyewe, hapana.

Usiku ule nilitaka kuandika: msiende Dominika. Nashukuru sikuandika, kwa sababu kesho yake niliteremka hadi kijiji cha Soufrière nikampata mzee mwenye mitungi michache na boti ndogo. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaitumbukiza mitungi majini, anakagua kiungo kimoja kimoja. Akanipeleka kwenye ukuta wa mwamba unaoshuka mpaka gizani, umejaa masponji makubwa ya zambarau na ya njano, maji meupe hata unaona mbali. Tulimkuta na samaki simba, yule mwenye miiba ya sumu. Kwetu Bahari ya Hindi ni mwenyeji, huko ni mvamizi anayewamaliza samaki wadogo. Mzee alinionyesha kila kitu bila haraka, na kila baada ya muda aliiomba geji yangu aisome mwenyewe. Nililia ndani ya miwani kwa furaha. Kwa hiyo nendeni. Ukipata nauli, nenda, na ada ya hifadhi ya bahari ilipe kwa moyo mweupe.

Lile duka la kwanza nilikuwa nimeshaamua kulipatia nyota 2, maana boti ni safi na nahodha ni mtu mpole, alinipa taulo na chai ya tangawizi bila kuombwa. Halafu wakanijibu kuhusu pesa zangu. Wamenirudishia nusu, eti kwa kuwa nilizamia nusu ya muda. Nusu! Mtungi ni wao, oringi ni yao, dharau ni yao.

Nyota 1. Na hiyo moja ni ya nahodha.