Kuwafikia wazazi kwa WhatsApp na SMS za jumla: uzoefu wangu kama makamu mkuu wa shule

Niseme mapema: kwa shule ya sekondari ya kata kama yetu, nje kidogo ya Morogoro mjini, SMS za jumla, yaani meseji moja inayotumwa kwa wazazi wote kwa mkupuo, ndizo zilizostahili hela tuliyotoa. WhatsApp inasaidia, tena sana, ila haiwezi kubeba shule peke yake. Nilipokabidhiwa mawasiliano na wazazi nilikuwa mtu wa barua zilizopigwa muhuri na kutumwa kwa wanafunzi. Mengine yote nimefundishwa na mwalimu wetu wa kompyuta, kijana mwenye subira kuliko umri wake.

Kundi moja la wazazi wote lilikuwa soko. Tangazo la kikao linawekwa asubuhi, kufika mchana limeshafunikwa na dua, video za tiba ya vidonda vya tumbo na mzazi anayeuza vitenge. Mtu aliyerudi shamba jioni hawezi kupekua yote hayo akitafuta tarehe.

Dawa yake ilikuwa Jumuiya, ambayo WhatsApp iliianzisha mwaka 2022. Unakuwa na makundi ya madarasa, na juu yake kundi moja la matangazo ambalo admini pekee ndio wanaoandika. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kwenye kundi la matangazo wazazi hawaonani namba. Kuna mama alijitoa kundi la zamani kwa sababu mwanaume mmoja alichukua namba yake humo akawa anamsumbua usiku. Nilipomweleza kuhusu namba kufichwa, alirudi siku hiyohiyo.

Malalamiko yalikuwepo. "Mwalimu, mbona mmetufunga midomo?" Ndiyo maana makundi ya madarasa tumeyaacha wazi, mwalimu wa darasa akiyasimamia. Matokeo ya mitihani hayawekwi humo kabisa. Kubandika orodha ya nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya wazazi wote ni kumdhalilisha mtoto, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo si suala la adabu pekee tena, ni la kisheria pia.

Ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi bila kundi haikutufaa. Kwa WhatsApp ya kawaida mwisho ni watu 256 kwa orodha, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Nani anahifadhi namba ya makamu mkuu wa shule? Vikao vya video kwa Zoom ya bure navyo hukatwa baada ya dakika 40, na kwa mwenyekiti wetu wa bodi hizo ni dakika za kufungua kikao.

Sasa SMS. Wazazi wetu wengi wana vitochi, na wenye simu janja si kila siku wana bando. SMS inaingia hata hivyo. Unanunua salio la meseji kwa kampuni inayotoa huduma hiyo, unapakia namba, unatuma kwa mkupuo, na mzazi anaona jina la shule badala ya namba. Jina hilo lisizidi herufi 11, na mzazi hawezi kulijibu, kwa hiyo weka namba ya simu ndani ya ujumbe. Hivi ndivyo ninavyoandika: "Mzazi wa Kidato 2: kikao Jumamosi saa 3 asubuhi shuleni. Njoo mwenyewe, usitume kaka yake."

Meseji moja ni herufi 160. Tulipotuma onyo kuhusu ng'ombe wanaolishwa kwenye shamba la shule, ujumbe haukufika hata herufi 140 lakini kwa kila mzazi tulikatwa meseji mbili. Huduma kwa wateja ya kampuni tuliyonunua kwao haikuwa na jibu; ni yule kijana wetu aliyegundua kwamba tatizo ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng'. Maandishi yalinakiliwa kutoka Word, na Word huipinda ritifaa. Alama hiyo iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, basi ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ukiandika ritifaa iliyonyooka, unarudi kwenye 160. Kwa lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na ng'arisha, hiyo ni hela. Na ukiandaa namba kwenye Excel, anza na 255, maana sifuri ya mbele huwa inamezwa.

Ila hakuna programu itakayokupa namba sahihi. Wazazi hubadilisha laini, na kila Januari tunakusanya upya. Zamani wanafunzi walijaza wenyewe fomu, na vijana wa kidato cha tatu wakawa wanaandika laini zao au ya rafiki mwenye bodaboda mahali pa namba ya baba. Taarifa ya utoro ikawa inamfikia mtoro mwenyewe. Siku hizi mwalimu wa darasa anapiga kila namba kabla haijaingizwa kwenye mfumo. Akipokea mtu ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika, akasema yeye ndiye baba, tunaomba kuongea na mama.